Naomba ushauri: trekta dogo la shamba la zabibu, Hombolo

Wakuu, habari za majukumu. Nina eka 12 huku Hombolo, Dodoma, nusu zabibu, nusu alizeti na mtama. Nataka trekta dogo, nguvu ya farasi 25 hadi 35, liwe jembamba lipite katikati ya mistari bila kuvunja nguzo wala kukwaruza mashina.

Nimeona mitumba ya Japani, mingi inakuja na rotaveta (kifaa cha nyuma chenye visu vinavyozunguka). Rotaveta inalainisha udongo wa juu tu. Kwangu chini kuna tabaka gumu, kiangazi jembe linadunda. Nahitaji ripa, lile jembe la meno marefu la kupasua tabaka hilo. Je, farasi 30 zitaivuta hata yenye jino moja, au trekta litabaki linazungusha matairi?

La pili, haidroliki, yaani nguvu ya mafuta ya kunyanyulia vifaa. Nataka pia beleshi la mbele la kupakia samadi, na tela la kutipu. Muuzaji anasema "haidroliki ipo", kumbe ni ile ya kunyanyulia jembe nyuma tu, haina matundu ya kuchomeka mipira ya mafuta. Kuyaongeza baadaye kuna maana, au pampu itazidiwa?

Mwenye trekta la Kubota au Swaraj huku kanda ya kati aniambie na spea anazipata wapi. Mvua za Desemba hazisubiri mtu.