Sauti inakatika nikitoka sauti kamili kwenda falseto: naomba ushauri

Muitikiaji wa Kisauni

Asalaam aleikum, na heri kwenu nyote.

Mimi ni mwanamume wa miaka 31, mkazi wa Kisauni, na kwa miaka 6 nimekuwa katika kikundi kinachotumbuiza kwenye harusi hapa Mombasa. Hadi mwaka jana kazi yangu ilikuwa kuitikia tu. Mwimbaji wetu wa kike alipoolewa akahama mji, nyimbo zake nilikabidhiwa mimi, nazo mpiga kinanda amezizoea katika ufunguo uleule, yaani kimo kilekile cha noti, aliouimbia dada yetu huyo.

Shida yangu ni hii. Nikipanda kwa sauti kamili, ninafika noti ya E iliyo juu ya C ya katikati ya kinanda bila taabu, lakini nikigusa F sauti hukatika ghafla, na kinachofuata ni falseto, ile sauti ya juu ya kuigiza ya kike, nyembamba na iliyojaa pumzi, isiyofanana hata kidogo na sauti iliyotangulia, kiasi kwamba asiyeniona hudhani tumeimba watu wawili. Nyumbani huwa nafuu. Ukumbini juzi ilinikatikia katikati ya ubeti wa pili, na mama mmoja aliyekaa mbele akauliza, tena kwa sauti ya kusikika, kama kijana huyu ndio kwanza anabaleghe.

Rafiki yangu alinishauri niilazimishe sauti kamili ipande hivyo hivyo mpaka A. Nilijaribu kwa siku 4 na siku ya 5 sikuweza hata kuitikia salamu. Je, kuna njia ya kuunganisha sauti hizi mbili, au niliyozaliwa nayo ndiyo hiyo?

Mwalimu wa Kwaya, Changamwe

Ndugu yangu, acha mara moja ushauri wa rafiki yako.

Ili uelewe unachopaswa kufanya, fahamu kwanza kinachotokea. Mpiga fidla akitaka kupanda huufupisha uzi kwa kidole. Koo hufanya kinyume chake, kwani nyuzi za sauti, ambazo kwa kweli ni mikunjo miwili ya nyama laini ndani ya koromeo, hupandisha sauti kwa kunyooshwa na kukondeshwa. Kuna msuli uliomo ndani ya mikunjo yenyewe, ambao huifupisha na kuinenepesha, na kuna msuli mwingine mbele ya koromeo ambao huivuta iwe mirefu. Katika sauti kamili ule wa kwanza ndio unaotawala, na mikunjo hugongana kwa unene wake wote. Katika falseto ule wa pili ndio mshindi: zinazotetema ni kingo tu, mara nyingi pasipo kufungana sawasawa, na ndiyo sababu unasikia pumzi ikivuja.

Sasa, ukipanda huku msuli wa kwanza umekaza vilevile kama ulivyokaza chini, misuli hii miwili huvutana mpaka mmoja ushindwe. Ukishindwa huachia wote kwa mpigo, na huko kuachia ndiko kukatika unakokusikia. Kwa hiyo kosa lako haliko kwenye F. Liko kwenye D na E, ambako unasema hupati taabu, kwa sababu unafika hapo na mzigo mkubwa mno. Umewahi kuwaona wasukuma mikokoteni wakitoka kwenye feri ya Likoni na kuukabili ule mlima? Mwenye akili hupanga mzigo wake kabla ya kushuka chomboni, maana akishafika katikati ya mlima hana tena nafasi ya kupunguza hata gunia moja.

Zoezi la kwanza: usipande, shuka. Anza kwenye A au G kwa falseto laini, kwa irabu «u», uteremke polepole kupitia F, E na D bila kuongeza nguvu na bila kuchagua mahali pa kubadilisha. Mwanzoni sauti itayumba, iache iyumbe. Lengo ni falseto ishuke chini kuliko ilivyozoea, ili sauti hizo mbili zipate eneo zinalolikalia pamoja. Ukilimudi, fanya hivyo kwa sauti ya «ng'» kama ilivyo mwanzoni mwa neno ng'ombe, ambayo sisi tumeinyonya na maziwa ya mama na wageni hutokwa jasho kuitafuta. Baada ya wiki 2 ndipo uanze kupanda, kwa sauti ndogo, huku ukipunguza nguvu tangu C.

Dakika 10 asubuhi na 10 jioni zatosha. Saa nzima kwa siku ni kujichosha bure.

Mpiga Udi Mstaafu

Mimi nina swali moja tu: kwa nini mpiga kinanda asishushe ufunguo? Kinanda cha siku hizi hushushwa kwa kubonyeza kitufe. Enzi zetu tulikaza na kulegeza nyuzi upya kwa ajili ya mwimbaji na hatukulalamika.

Muitikiaji wa Kisauni

Ami, shikamoo. Nimemwomba, naye anasema wimbo ukishushwa unapoteza ladha. Nadhani kinachopotea ni mazoea ya vidole vyake, lakini yeye ndiye mwenye kinanda.

Bi wa Mji wa Kale

Kaka, usidhani kukatika huku ni kwa wanaume peke yao. Wengi wetu wanawake hubadilika papo hapo karibu na E na F, tunapoiacha sauti ya kifua, ila kwetu hapo ni katikati ya wimbo na kwenu ni kileleni, kwa hiyo tunajifunza kupavuka mapema kwa sababu hatuna budi.

Nikuongezee mambo mawili. La kwanza ni irabu. «A» iliyo wazi, ukiipeleka juu kama unavyoitamka mazungumzoni, ndiyo hukatika kuliko zote. Ipe kivuli cha «o» kidogo unapokaribia F, kwa kufinya midomo na kuacha taya lilegee, na msikilizaji wa kiti cha tatu hatajua kama umeibadilisha. Angalia basi maneno ya nyimbo hizo: kama kina kinaishia «-ra» au «-na» juu kabisa, hapo ndipo pa kupafanyia kazi, si wimbo mzima.

La pili ni ukumbi. Umesema nyumbani huwa nafuu, na mimi naamini jibu liko hapo hapo. Ukumbini vigelegele, ngoma na spika hukufanya usijisikie, na mtu asiyejisikia hupiga kelele bila kujua. Dai uwekewe spika inayokutazama wewe. Wakikunyima, ziba sikio moja kwa kidole. Si pambo la usoni, lakini linasaidia.

Msomi wa Koo

Maelezo ya Mwalimu ni sahihi, nami nayaunga mkono kwa jambo la kihistoria. Manuel García, Mhispania aliyefundisha uimbaji, ndiye aliyefanikiwa mwaka 1854 kuziona nyuzi zake mwenyewe zikifanya kazi, kwa kutumia kioo kidogo cha daktari wa meno na kingine cha kurudishia mwanga wa jua, na mwaka uliofuata akawasilisha maelezo yake London. Kwenye F tunayoizungumzia, mikunjo hiyo hukutana takriban mara 350 kwa sekunde. Ukizidisha nguvu ya mgongano kwa kasi hiyo kwa siku 4 mfululizo, kupwewa na sauti si ajabu.

Jaribu pia mrija wa soda. Tumbukiza ncha yake kwenye glasi ya maji kiasi cha sentimita 2, kisha toa sauti ndani ya mrija ukipanda na kushuka kupitia mahali panapokatika. Maji huizuia pumzi kidogo, na kizuizi hicho huzisaidia nyuzi kutetema bila kugongana kwa nguvu.

Iwapo sauti itabaki imekwaruza kwa zaidi ya wiki 3 au 4, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo akakuchungulie. Mazoezi hayatibu kinundu kilichoota kwenye nyuzi za sauti.

Teno wa Likoni

Kwa maoni yangu mwanamume asiimbe falseto kabisa. Aimbe panapomfaa.

Mwalimu wa Kwaya, Changamwe

Bwana Teno, hizo noti zako za juu ninazozisikia kila Jumapili, unadhani zinatoka kifuani?

Muitikiaji wa Kisauni

Narudi baada ya wiki 5, kama nilivyoahidi nyinyi na nafsi yangu.

Wiki ya kwanza sikuimba, nilinyamaza na kunywa maji mpaka ukwaruzo ukaisha. Zoezi la kushuka lilinichekesha mno mwanzoni, kwa kuwa nilikuwa nikitoa sauti ya paka aliyefungiwa nje, lakini kufikia wiki ya tatu falseto yangu ilikuwa ikishuka hadi C, na hapo nikaanza kushindwa kutambua ni noti gani hasa ninayobadilikia. Kwa «u», «o» na «ng'» sasa napita F bila mkatiko. Kwa «i» napita nikiwa mtulivu. Kwa «a» bado hukatika mara moja katika kila majaribio matatu au manne, na Bi alisema kweli, kwani beti zote mbili zinazonisumbua zina vina vya «-na».

Spika nilipewa. Juu ya ufunguo, mpiga kinanda amekubali kushuka nusu hatua, yaani kitufe kimoja tu cha jirani kwenye kinanda, na amenitaka nisimwambie mtu. Swali lililobaki: falseto yangu bado ni ya pumzi nikiwa G. Nifanyeje ipate mwili?

Bi wa Mji wa Kale

Sema «nye nye nye» kwenye G, kwa sauti ya mtoto anayedeka, ndogo na kali, kisha polepole igeuze iwe «na» bila kuuachia ule ukali. Anza na mara 5 tu. Na funga dirisha, majirani watadhani una mgeni.