Naomba ushauri: farasi anakohoa miezi miwili, eosinofili (aina ya seli nyeupe za damu) zimejaa mapafuni

Ndugu wafugaji na madaktari wa mifugo, habari zenu. Mimi ni saisi hapa Nanyuki, natunza farasi jike wa miaka 9. Miezi miwili sasa ana kikohozi kikavu, hasa akianza kukimbia. Homa hana, anakula vizuri, lakini akipumua msuli wa ubavuni unajikaza mpaka unachora mstari. Naumia kumwona hivyo.

Daktari alimwosha mapafu, maji yakatoka na eosinofili nyingi. Swali lake la kwanza: anachungwa na punda? Kweli, wako wawili malisho yale yale, na wao hawakohoi kabisa. Akanieleza kwamba punda hubeba minyoo ya mapafu bila kuugua, anayeteseka ni farasi, na kinyesi cha farasi mara nyingi hakionyeshi mabuu. Akampa ivermektini, dawa ya minyoo. Hii ni wiki ya tatu, kikohozi kimepungua ila hakijaisha.

Mliopitia haya, mlisubiri muda gani? Punda nao wapewe dawa, au niwatenge kabisa? Daktari anasema ikishindikana atatumia deksamethasoni (dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe), nami naogopa isije ikamletea ugonjwa wa kwato. Nyasi kavu nimeanza kuziloweka, vumbi lipungue.