Je, takwimu za uhalifu za Nairobi zaweza kulinganishwa na za miji mingine?

Mkazi wa Donholm:
Ndugu wasomaji, nina ubishi na binamu yangu anayeishi St. Louis, Marekani, ambaye anashikilia kwamba Nairobi ni hatari kuliko mji wake. Nilichukua idadi ya makosa yaliyoripotiwa kwa polisi, ambayo Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS) huichapisha katika ripoti yake ya uchumi ya kila mwaka, nikaigawa kwa wakazi 4,397,073 wa sensa ya 2019, kisha nikazidisha kwa 100,000. Kwa Mombasa, yenye watu 1,208,333, nilifanya vivyo hivyo. Je, ninaweza kuziweka hesabu hizo kando ya zile za St. Louis?

Mtakwimu:
Njia yako ni sahihi, lakini tazama vizuri hicho unachogawia. St. Louis ulijitenga na kaunti yake mwaka 1876 na mipaka yake haijapanuka tangu hapo, hivyo sensa ya 2020 iliupa watu 301,578 tu, ilhali eneo zima la mji na viunga vyake lina watu wapatao milioni 2.8. Mwaka huo yaliripotiwa mauaji 263, yaani kama 87 kwa kila watu 100,000. Chicago iliripoti zaidi ya 750, lakini kwa wakazi wake milioni 2.7 kiwango hakikufika hata nusu ya hicho. Kama viunga vya St. Louis vingehesabiwa pamoja na mji wenyewe, kiwango kingeshuka sana bila hata mtu mmoja kunusurika.

Nairobi nayo ina tatizo la aina hiyo. Anayetoka Rongai, Kitengela au Ruiru kila alfajiri huhesabiwa Kajiado au Kiambu, lakini akiporwa Muthurwa, kosa linaandikwa Nairobi.

Wakili wa Makadara:
Naongeza jambo ambalo wengi hulipita. Katika majedwali ya polisi wetu, kundi linaloitwa mauaji limekuwa likijumuisha kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia, na pia kujiua, kutoa mimba, kuficha uzazi na kusababisha kifo kwa kuendesha gari kwa njia ya hatari. Ukichukua jumla ya kundi hilo ukaiweka mbele ya binamu yako, utakuwa umempa ushindi usio wake. Tafuta safu ya kuua kwa kukusudia peke yake.

Wizi ndio usiotegemewa kabisa. Mtu akinyakuliwa simu dirishani mwa matatu, anachohitaji kituoni ni namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi) ili apate laini mpya, na mara nyingi tukio huandikwa kuwa simu imepotea. Mali iliyopotea si kosa la jinai, kwa hiyo haimo katika jedwali lako.

Mkazi wa Donholm:
Nashukuru. Je, zile tovuti zinazopanga miji ya dunia kwa usalama?

Mtakwimu:
Nyingi hukusanya maoni ya wanaozitembelea. Zinapima hofu, na hofu ni habari muhimu kwa mwenye duka au mwenye hoteli, ila si idadi ya makosa. Hata FBI yenyewe, idara ya upelelezi ya Marekani inayokusanya takwimu za uhalifu za nchi hiyo, huonya dhidi ya kupanga miji kwa takwimu zake. Tena mwaka 2021 ilibadili mfumo wa kuzikusanya, na idara kubwa kama za New York na Los Angeles hazikuwasilisha zao, kwa hiyo uruke mwaka huo.

Wakili wa Makadara:
Ukilinganisha Nairobi na Mombasa, hesabu yako inategemewa zaidi, kwa kuwa miji yote miwili inatumia Kanuni moja ya Adhabu na fomu zilezile. Linganisha wizi wa mabavu na kuua kwa kukusudia, kwa wastani wa miaka kadhaa, na wizi wa kawaida uuache nje.