Pleteleti (chembe za kugandisha damu) za mama ziko chini, yatokana na nini?

BintiShela: Assalam aleikum jamani, mama yuko Malindi amekuwa akichokachoka akapimwa damu, majibu yakaja pleteleti 62,000 na hiyo karatasi yaonyesha kawaida ni 150,000 hadi 450,000. Malaria hana homa hana, ila ana vidoadoa vyekundu miguuni na ufizi watoka damu akipiga mswaki. Daktari kasema arudie kipimo basi. Jirani ashaanza kumchemshia majani ya papai 🙄 ni nini haswa hii?

mtu_wa_maabara: Waaleikum salaam dada. Kurudia ni sawa, saa zingine pleteleti zashikana ndani ya kile kichupa cha kifuniko cha zambarau mashine ikaona chache kumbe zipo. Waambie wazitizame kwa hadubini, zikiwa zimeshikana watoe tena kwa kichupa cha buluu. Lakini kwa hivyo vidoadoa mi naona zimeshuka kweli.

Mwana Amu: Huku pwani pleteleti zikishuka kila mtu ni dengi dengi (ile homa ya mbu), na ni kweli dengi na malaria zashusha lakini huja na homa. Hemoglobini na chembe nyeupe zasemaje? Zote zikiwa chini hapo waangalia uboho unaotengeneza damu, yaani upungufu wa vitamini B12 au foleti, au lukemia (saratani ya damu) Mungu atuepushe. Na atumia dawa gani?

BintiShela: Hemoglobini 12.4, nyeupe ziko sawa. Dawa ni ya presha, na brufeni za magoti

Mwana Amu: Brufeni aache leo!! Hizo pleteleti chache alizo nazo yazizuia kufanya kazi, Panadol ni afadhali. Ya presha asiache ila mwende na pakiti, zile za kukojosha aina ya thayazaidi mara chache hushusha. Kisha muombe apimwe ukimwi na hepatitisi C, msione haya hupimwa kila mtu mwenye shida hii, na ultrasaundi ya tumbo maana ini likiwa na makovu bandama huvimba ikazifungia pleteleti humo. Wasipopata kitu, mara nyingi ni kinga ya mwili yenyewe ndo yazila, wenyewe waiita ITP, na dawa yake ya kwanza ni steroidi (za kutuliza kinga) kama prednisoloni. Papai watu wasifia kwa dengi, huyu dengi hana.

mtu_wa_maabara: Na akiumwa kichwa ghafla au choo kiwe cheusi au damu ya pua isikatike, hospitali saa hiyo hiyo hata kama ni usiku, msingoje majibu.