Mwanafunzi anayetoka nyumba yenye ugomvi: mwalimu wa malezi aanzie wapi?

Malezi_Chamwino

Habari za kazi, walimu. Nauliza kwa ajili ya sekondari ya kutwa, wilaya ya Chamwino. Kidato cha pili kina kundi la wanafunzi ambao nyumbani kwao hakukaliki: pombe, ngumi, wazazi kutengana, wengine wameachiwa wadogo zao. Wanachelewa, wanasinzia kipindi cha pili, daftari moja linabeba masomo matano. Mzazi akiitwa shuleni, jioni mtoto anachapwa kwa kosa la kuanika mambo ya nyumbani, na kesho yake hafungui tena mdomo. Naomba utaratibu unaofanyika kwa walimu tulionao. Semina tumeshakaa nyingi.

Mwl_wa_Zamu

Mwalimu, kabla hujamwita mtu, fungua daftari la mahudhurio. Chukua wiki sita za nyuma, uangalie anakosa siku zipi. Akikosa kila siku ya mnada, huenda mama yuko mnadani na yeye amebaki na mtoto mchanga. Akikosa Jumatatu, ulizia Jumamosi na Jumapili kulipita nini. Akipotea Januari na Februari, ni palizi au ni njaa, maana huku kwetu ghala hukauka kabla uwele haujakomaa. Sisi yote hayo tunayaandika "utoro" halafu tunayapa dawa moja.

Na dawa yenyewe ni fimbo. Kanuni ya viboko inasema visizidi vinne, kwa idhini ya mkuu wa shule, na viandikwe kitabuni. Kuchapa mstari mzima getini hakumo humo. Mtoto aliyeanza asubuhi kwa kuchota maji na kumbeba mdogo wake, akijua getini kuna fimbo, anaishia kichakani mpaka saa nane. Panga na walimu wa zamu: majina kadhaa yapite kwako moja kwa moja, yasaini, yaende darasani. Orodha hiyo ikae mfukoni mwako. Ikibandikwa ofisini, mpaka mapumziko shule nzima inaijua.

Mama_Ustawi

Naungana na Mwalimu hapo juu, ila kosa linaloumiza zaidi ni lile la barua. Mtoto asitumwe kupeleka barua ya wito kwa mtu anayempiga. Muulize mwenyewe: kuna shangazi, bibi au mjomba ambaye akisema nyumbani anasikilizwa? Anza na huyo. Ukikutana na mzazi, zungumzia yale ambayo shule inayaona yenyewe, yaani siku alizokosa na alama zilizoshuka. Aliyoyasema mtoto yabaki kwako.

Kuzungumza na mtoto: kaeni mahali mnapoonekana lakini hamsikiki, mfano benchi chini ya mti karibu na ofisi. Dakika 20 zinatosha. Ukimuuliza "nani anakupiga?" atanyamaza. Muulize jana jioni ilikuwaje tangu alipofika nyumbani, kisha mwache aseme. Usimwahidi siri ambayo huwezi kuitunza. Mwambie kama kuna wa kuambiwa, yeye atamjua kwanza. Andika maneno yake kama alivyoyatamka, tarehe na saa, ufungie kabatini.

Ukiona majeraha ya kipigo, au akigusia kuingiliwa, hapo unasihi umefika mwisho. Siku hiyo hiyo: mkuu wa shule, afisa ustawi wa jamii, Dawati la Jinsia na Watoto polisi kwa ajili ya PF3 (fomu ya polisi ya kupelekea majeruhi hospitali), hospitali. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zina mwisho wa saa 72, na kila saa inayopita inazipunguzia nguvu. Asiogeshwe, nguo zake zisifuliwe. Ukikwama, piga 116, namba ya msaada kwa watoto, ni bure. Shauri likianza kusuluhishwa kitongojini kwa mbuzi na faini, hesabu limekufa. Na anayekuita mmbea, msomee kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto ya 2009: mwenye taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa ana wajibu wa kuitoa kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo husika.

Jikoni_Bahi

Mnazungumza sana, mtoto hajala tangu jana mchana. Uji wa wanafunzi 40 ni unga kilo 2, maji lita 16 hadi 18, sukari kilo 1. Uwe tayari saa nne, msisubiri chakula cha mchana. Unaharibikia kwenye foleni: mkiwaita "wasiojiweza" peke yao, wiki ya pili hawaji, wanaona heri njaa. Wanywe darasa zima. Familia isiyoweza debe la mahindi, bodi ya shule iisamehe kimya kimya na kuandika kwenye muhtasari, basi. Kumrudisha mtoto nyumbani akalete mchango ni kumrudisha kule kule kwenye ugomvi, safari hii akiwa na deni.

Malezi_Chamwino

Asanteni sana. Na binti aliyeachiwa wadogo wawili, mama kaenda mjini kufanya kazi za ndani?

Mama_Ustawi

Mwenye miaka mitano aandikishwe darasa la awali, shule ya msingi ya karibu. Mdogo zaidi ya hapo, kaa na mtendaji wa kijiji mtafute bibi au jirani wa kushinda naye, na afisa ustawi aijue nyumba hiyo, maana watoto watatu wanalala bila mtu mzima. Kazi za nyumbani azimalize shuleni, nusu saa baada ya vipindi. Asipewe adhabu ya usafi muda huo. Uliza pia kama kaya imo TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini. Sehemu ya ruzuku hutegemea mahudhurio ya watoto, kwa hiyo kabla ya kumwandika mtoro, hakikisha sababu imeandikwa pembeni na mtendaji anaijua.