Mjadala: Je, Andalusia ndiyo iliyowamaliza Murabitun?

Mleta mada:
Wakuu, nimechoka kusikia kwamba dola ya Murabitun, iliyotawala Moroko na Andalusia (Hispania ya Kiislamu), iliangushwa na mhubiri Ibn Tumart, basi, mjadala umefungwa. Mimi nasema Marrakech, mji wao mkuu, iliyotekwa mwaka 1147 ilianza kupotea mwaka 1090, mtawala wao Yusuf ibn Tashfin alipovuka bahari kwenda Andalusia mara ya tatu. Safari hiyo hakwenda kusaidia, alikwenda kuchukua.

Kwa msiowafahamu, hawa ni Wasanhaja, Waberberi wa jangwani ambao wanaume wao ndio wanaofunika uso. Katikati ya karne ya 11 Abdallah ibn Yasin aliwaunganisha kwa nidhamu kali ya Kimaliki, wakatwaa Sijilmasa na Awdaghust, milango miwili ya biashara ya dhahabu. Alfonso VI, mfalme Mkristo wa Castile, alipoiteka Toledo mwaka 1085, wafalme wadogo wa Kiislamu huko Andalusia wakamwita Yusuf. Al-Mu'tamid wa Sevilla alionywa kuhusu mgeni huyo. Inasimuliwa alijibu kwamba heri achunge ngamia Afrika kuliko nguruwe Castile. Oktoba 1086 Yusuf akamshinda Alfonso vitani pale Zallaqa, akarudi kwao. Angeishia hapo!

Badala yake akatafuta fatwa za kuwaondoa wenyeji wake, eti wanatoza kodi zisizo za kisheria na kumlipa Alfonso ushuru. Mgeni njoo mwenyeji apone, lakini huyu mwenyeji hakupona: al-Mu'tamid alifia uhamishoni Aghmat mwaka 1095. Kisha angalieni mwanawe, Ali ibn Yusuf. Zaragoza inamponyoka mwaka 1118, Alfonso I wa Aragon anapenya hadi kusini mwaka 1125, na Ali anaanzisha kodi ya kujengea kuta za miji. Kosa lile lile lililowavua wenzao ufalme! Wakati huo Wamasmuda, Waberberi wa milimani waliomfuata Ibn Tumart, wanajipanga kwenye milima ya Atlas, ile inayoonekana kutoka Marrakech.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, umeanza vizuri ukaharibu mwishoni. Andalusia ilikuwa na gharama, sikatai, lakini mchungaji wa Tinmel, kijiji cha milimani alikokuwa Ibn Tumart, alihusika vipi na kodi ya kuta za Granada? Murabitun walikuwa watu wa jangwani waliojenga mji mkuu chini ya milima ya watu wengine. Ibn Tumart alikuwa Mmasmuda wa Sus, akihubiri kwa Kiberberi, kwa hiyo hata asiyejua Kiarabu alimwelewa. Aliletwa mbele ya Ali akabishana na mafakihi (wanasheria wa dini) wa ikulu, wakamshindwa. Mmoja wao, Malik ibn Wuhayb, akashauri afungwe. Ali akamwachia aende zake. Mimi naona dola iliisha siku hiyo.

Mchangiaji wa pili:
Mnawasahau wanazuoni. Mwaka 1109 Ihya, kitabu cha dini cha mwanazuoni al-Ghazali, kilichomwa moto Cordoba, kwa shinikizo la mafakihi na ridhaa ya Ali. Huyo ndiye al-Ghazali ambaye Yusuf anasemekana kupata fatwa yake! Dola iliyoingia madarakani kwa jina la dini inachoma kitabu cha dini. Ibn Tumart alipewa hotuba ya bure.

Mleta mada:
Hoja ya Ihya naikubali nusu, maana moto ule uliwaka huko huko Andalusia. Ila nijibuni hili. Mwaka 1130 Wamasmuda walipigwa vibaya pale al-Buhayra, nje ya Marrakech, na Ibn Tumart akafariki mwaka huo huo. Adui yuko chini, kiongozi wake kafa, na bado Murabitun hawakummaliza? Kwa miaka mingi mrithi wake Abd al-Mu'min alizunguka milimani akikwepa tambarare, na tegemeo la Murabitun likawa Reverter, Mkristo wa Catalonia, na askari wake wa kulipwa. Wajukuu wa Zallaqa walikuwa wapi? Reverter alipouawa, mfalme Tashfin ibn Ali akabanwa Oran, akajaribu kutoroka usiku, akaporomoka gengeni na farasi wake mwaka 1145.

Mchangiaji wa kwanza:
Umejichoma mwenyewe, mkuu. Huyo Tashfin alikuwa gavana wa Andalusia na alishasifika kwa vita huko. Mwaka 1138 baba yake alimrudisha Moroko aje kupambana na hao hao Wamasmuda. Jemadari wao bora aliletwa nyumbani, akapewa miaka saba, na bado wakashindwa. Hapo Andalusia inaingiaje?