Mjadala: Dereva akimgonga mwendesha baiskeli, nani abebe mzigo wa kuthibitisha?

Kuna hoja inayozidi kupata wafuasi jijini Dar es Salaam, nayo ni kwamba baiskeli zizuiwe kwenye barabara kuu saa za msongamano, kwa kuwa anayeiendesha ndiye anayejitia hatarini na kumwingiza dereva matatani. Naipinga hoja hiyo, na mahali pake naweka nyingine: chombo cha moto kikimgonga mwendesha baiskeli, sheria ianze kwa kumhesabu mwenye chombo kuwa ndiye anayepaswa kufidia, kupitia bima yake, mpaka athibitishe kwamba ajali ile isingeweza kuepukika. Kwa sasa anayedai ndiye anayetakiwa kuthibitisha, maana yake aliyevunjika mguu ndiye anayehangaika kutafuta mashahidi.

Nianze na lililonipata mimi mwenyewe. Ilikuwa saa mbili asubuhi, Barabara ya Mandela, kati ya Tabata na Buguruni, jua limeshatoka nami nimevaa shati jeupe, naendesha kushoto kabisa, kama nusu mita kutoka ukingo wa lami. Gari dogo likanipita karibu kiasi kwamba kioo chake cha pembeni kilinipiga kwenye kiwiko. Sikuhisi maumivu kwanza. Nilisikia tu mlio wa kioo kikikunjika, kisha nikajikuta kwenye changarawe, gurudumu la mbele limepinda. Dereva alisimama, na kwa hilo namshukuru, kwa sababu wapo wasiosimama. Alishuka akitetemeka, akaniambia, “Kaka, nisamehe, wallahi sikukuona kabisa.” Mlango wake alikuwa ameuacha wazi, na juu ya kiti niliona simu ikiwaka, sauti ya mwanamke ikiendelea kuuliza, “Haloo? Haloo? Mbona umenyamaza?”

Namwamini kwamba hakuniona. Madereva wengi wanaosema hivyo hawadanganyi, na hapo ndipo penye tatizo, kwa sababu neno “sikumwona” limekuwa kama kinga, likishatamkwa watu wanatikisa vichwa na kusema ni bahati mbaya, ilhali kuangalia mbele ndiyo kazi ya kwanza ya mtu aliyeshika usukani. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo wa mwendo katika maeneo ya makazi, linasogea karibu mita 14 kila sekunde. Anayesoma ujumbe kwenye simu kwa sekunde 5 tu amekwenda mita 70 bila macho, yaani amevuka upana mzima wa uwanja wa mpira. Wala kifaa cha sikioni hakimwokoi, maana kinaachia mikono huru huku akili ikiwa imekwenda kwenye mazungumzo. Yupo pia asiye na simu kabisa, ambaye hugeuza shingo, hutazama, na bado haoni, kwa kuwa jicho lake limezoea kutafuta magari, na lisipokuta gari linamwambia njia ni nyeupe.

Wanaotaka baiskeli ziondolewe husema barabara ni nyembamba. Ni kweli, ila tuipime. Chukua njia yenye upana wa mita 3.5 na lori lenye upana wa mita 2.5. Hata lori hilo likijibana mpaka kwenye mstari wa upande wa kulia, linabakiza mita 1 tu, na ndani ya mita hiyo kuna binadamu ambaye viwiko vyake peke yake vinachukua zaidi ya nusu mita, na ambaye lazima apate nafasi ya kukwepa shimo au mchanga. Kwa hiyo hakuna kumpita humo. Ama dereva asubiri nyuma, ama ahamie njia nyingine ikiwa wazi. Ufaransa imeweka umbali wa kumpita mwendesha baiskeli kuwa angalau mita 1 mjini na mita 1.5 nje ya mji, na kanuni za barabarani za Uingereza, tangu Januari 2022, zinataja mita 1.5.

Sasa mfikirie mzee anayeleta mkaa mjini kutoka upande wa Mkuranga kwa Barabara ya Kilwa, magunia matatu yamefungwa kwa mpira kwenye karia, mzigo umempita upana yeye mwenyewe. Niliwahi kumkuta mmoja akipumzika karibu na Kongowe, ameiegemeza baiskeli kwenye gongo lake, jasho limechora mistari kwenye vumbi la mkaa usoni. Nilimwamkia, nikamuuliza anawezaje kujua lori linamjia nyuma naye hana kioo wala hawezi kugeuka. “Mwanangu,” akanijibu, “lori nalisikia kwa mgongo.” Alikuwa anazungumzia upepo, ule unaokusukuma nje lori linapokufikia, kisha unakuvuta ndani, kuelekea magurudumu ya trela, linapomaliza kukupita. Mtu anayeendesha hivyo hana sekunde ya akiba ya kufidia uzembe wa mwingine.

Hatari nyingine iko kwenye kukata kushoto. Daladala inakupita, na kabla haijamaliza kukupita inaingia kituoni mbele yako bila indiketa, kwa sababu konda ameona abiria wawili. Semi-trela ni mbaya zaidi, kwani dereva wake ameketi kulia na juu, ubavu wa kushoto una eneo ambalo vioo havimwonyeshi, na gari linapokata kona magurudumu ya nyuma hayafuati njia ya yale ya mbele, bali hukata kwa ndani, pale pale alipo mwendesha baiskeli.

Nakubali yapo makosa ya upande wetu, wala sitayafunika. Kuendesha usiku bila taa ni kosa. Kuendesha kinyume cha magari ni kosa. Tunaambiwa pia tutumie njia zetu, nami ningefurahi kuzitumia. Zile zilizojengwa kando ya Barabara ya Morogoro pamoja na awamu ya kwanza ya mwendokasi, iliyoanza kazi Mei 2016, ni nzuri zikiwa wazi, lakini bodaboda huzipitia kama njia ya mkato, na barabara nyingi za jiji hazina njia ya namna hiyo kabisa.

Hoja yangu ya bima nimeitoa Uholanzi. Huko, kwa kifungu cha 185 cha sheria yao ya usalama barabarani, mwenye gari hubeba dhima kwa madhara aliyopata mtu asiye na chombo cha moto, isipokuwa aonyeshe kwamba tukio lilikuwa nje ya uwezo wa kuliepuka. Mahakama zao zikaongeza kwamba mwendesha baiskeli mwenye miaka 14 au zaidi, hata akiwa na kosa, hupata walau nusu ya fidia, na aliye chini ya miaka 14 huipata yote, ila ikiwa kulikuwa na kusudi au uzembe unaokaribia kusudi. Hilo halimpeleki dereva jela, kwani kesi ya jinai ni jambo jingine na yeye bado huhesabiwa hana hatia mpaka ithibitishwe. Linalobadilika ni nani alipe hospitali, na nani aanze kutafuta ushahidi.

Najua mtasema watu watajigongesha makusudi wapate fedha. Bima ya kumlinda mtu wa tatu ni ya lazima hapa kwetu tayari, na kampuni za bima zina wapelelezi na mawakili wa kumbaini mdanganyifu. Mzee wa mkaa hana mpelelezi. Basi wanaopinga wanijibu hili: akigongwa saa kumi na moja alfajiri, shahidi pekee ni dereva anayesema hakumwona, naye mzee anazinduka siku ya tatu wodini hakumbuki hata rangi ya gari, mnataka athibitishe nini, na kwa kutumia nini?